Nomino za kawaida na za pekee kwa darasa la tatu: herufi kubwa ifundishe mwisho

Walimu wenzangu, na nyie wazazi mnaohangaika na homuweki jioni, hii ndo njia ninayotumia mimi hapa Tanga. Wengi wetu tunaanza na ile sentensi ya "nomino za pekee huanza na herufi kubwa", watoto wanaikariri vizuri tu, afu testi ikija mtu anaandika Mama, Samaki, Mpira, yaani kila neno analoliona la maana analipa herufi kubwa. Sasa utamlaumu? Herufi kubwa haimwambii kwa nini Amina ni la pekee na penseli siyo. Kwa hiyo mi naianza na swali.

Hatua ya 1: umeona au umeambiwa?

Ubaoni usiandike kitu. Nyanyua penseli, uliza hii nini, watakujibu. Uliza tena, mmejuaje? Tumeiona. Haya, msimamishe mtoto mbele ya wenzake, tuseme Amina. Mgeni aliyeshuka stendi sasa hivi akimtazama huyu atajua ni msichana, atajua ni mwanafunzi maana kavaa sare, ila kwamba anaitwa Amina hawezi kujua hata amkodolee macho mpaka magharibi, mpaka aambiwe. Hapo ndo penyewe. Ukikitazama kitu ukajua ni aina gani, hilo jina la aina ni nomino ya kawaida. Jina ambalo mpaka uambiwe, hilo la pekee.

Kaa hapa hata kipindi kizima, usione unapoteza muda. Nomino za dhahania kama upendo na uvivu ziache kwanza, hazionekani kwa macho na zitakuvurugia swali lako.

Hatua ya 2: kadi za kutafutana

Kata maboksi ya dukani, chukua makapeni, andika jozi: mto na Sigi, kisiwa na Toten, mapango na Amboni, uwanja na Mkwakwani, timu na Coastal Union (weka na African Sports, usije ukaleta ugomvi), wilaya na Muheza. Changanya, gawa, kila mtu amtafute mwenzake. Kelele zitakuwepo, funga mlango. Majina ya karibu yanasaidia kuliko Kilimanjaro na Ziwa Viktoria za kwenye vitabu, maana mtoto wa Makorora hapa mjini, Mkwakwani anapajua. Ongeza na kadi ya mji na ya Pangani: mwenye Pangani atagombewa na watatu, wa mto, wa mji na wa wilaya, na wote wana haki, waache wabishane kidogo ndo uwaambie.

Kwenye kadi weka herufi kubwa panapostahili ila usiseme lolote, wapo watakaoshtuka wenyewe.

Hatua ya 3: jaribu wingi

Mto mmoja, mito miwili. Kisiwa, visiwa. Sigi je? Hakuna. Tanga je? Hapo lazima mmoja aseme "matanga" na darasa lote licheke, kwa sababu matanga wanayajua ya msibani. Usimkatishe tamaa, mwambie tanga la jahazi lina wingi, ni matanga kweli, ila mji wetu ni huu huu mmoja, hauna wingi.

Jiandae na mjanja atakayekwambia mbona humu darasani akina Amina wako wawili. Swali zuri hilo. Mrudishe hatua ya 1: hao wawili wamejulikana kwa kutazamwa au kila mmoja alipewa jina kwao? Siku na miezi nazo zinasumbua, Jumatatu inarudi kila wiki, hapo mi sizunguki, nawaambia tu ni majina maalumu, Jumatatu na Januari zote zinaanza na herufi kubwa, basi tunaendelea.

Hatua ya 4: sasa lete herufi kubwa

Tumia imla, maana sikio halisikii herufi kubwa, inabidi mtoto afikiri. Soma: "Simba imefika Mkwakwani." Afu: "simba amekula mbuzi", hii waambie iko katikati ya habari ili mwanzo wa sentensi usiwachanganye. Endelea na "jana Bahati alikuwa na bahati" na "kaka yake Juma atarudi juma lijalo". Hizi wanazipenda sana, wataanza kutunga za kwao. Waonyeshe pia mwalimu wa hesabu na Mwalimu Nyerere, na kwamba kwenye Barabara ya Nne ile "ya" inabaki ndogo.

Hatua ya 5: kazi ya mtaani

Watume waandike majina kumi wanayoyaona njiani kurudi nyumbani. Ngamiani hapa mjini ni raha, barabara zenyewe zina namba. Ila angalia mtego: mabango yetu yameandikwa kwa herufi kubwa tupu, VIATU VYA WATOTO, MCHELE JUMLA NA REJAREJA, na mtoto ananakili vile vile. Mwambie aandike upya kwa mwandiko wa daftari. Wazazi nanyi meseji zenu za wasap hazina herufi kubwa hata moja, kuanzia jina la mtoto mwenyewe, na wanasoma hao.

Pembeni ya kila jina aweke O kama ameona, A kama ameambiwa. Hii itakurahisishia kusahihisha. Akiweka A lakini kaandika muheza kwa herufi ndogo, huyo kaelewa, mkono tu umeteleza, zungushia herufi mpe aandike tena. Akiweka O na akaandika Viatu, mtafutie penseli na mwenzake mmoja, mkae pembeni muanze upya na swali la kwanza.