Damu ya ateri na damu ya vena

Panga au mkasi wa kupogolea zabibu ukimpitia mtu shambani huko Hombolo, Dodoma, tazama damu inavyotoka. Ya ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, ni nyekundu ya kung'aa, inaruka kwa kufuata mapigo ya moyo. Ya vena, mshipa unaoirudisha moyoni, imekolea, inachuruzika mfululizo. Ila usikae kuchunguza rangi, hasa giza likishaingia. Zote mbili zinaua zikimwagika nyingi. Kunja khanga, kandamiza kidonda kwa nguvu zako zote. Ikilowa, ongeza nyingine juu yake, usifunue kuchungulia. Na damu ikiacha kuruka usifurahi haraka, huenda presha imeshuka. Majivu na majani ya chai yaacheni jikoni jamani. Tafuteni gari, si bodaboda, na anayekandamiza asiachie mpaka hospitali.