SOMO: Luminoli na damu isiyoonekana kwa macho (soma kwanza, uliza baadaye)

Kila wiki naulizwa "damu inawakaje gizani?" Naandika mara moja tu.

Damu haiwaki. Kinachowaka ni luminoli, kemikali ambayo wapelelezi hunyunyiza kutafuta damu. Ukiichanganya na haidrojeni peroksaidi kwenye maji yenye alkali, hutulia tu. Ikigusa chuma kilichomo kwenye himoglobini ya damu, mmenyuko unakwenda mbio na nishati inatoka kama mwanga wa buluu. Mwanakemia Mjerumani Albrecht aliueleza mwanga huo mwaka 1928. Mjerumani mwenzake Specht akaujaribu kwenye damu mwaka 1937.

1. Vaa glovu, miwani ya kinga na barakoa.

2. Piga picha taa zikiwa zimewashwa. Doa unaloliona, lichukulie sampuli kwanza.

3. Changanya dawa papo hapo. Haikai.

4. Kamera juu ya stendi, fokasi uiweke kabla ya kuzima taa. Ziba madirisha.

5. Nyunyiza. Hapa ndipo nilipoharibu. Alama ya kiatu ilitokea kwenye vigae, mistari ya soli yote unaihesabu. Nikaona inafifia, nikaongeza dawa. Nikaongeza tena. Mistari ikashikana, ikateremka kwenye maungio ya vigae, na picha niliyobaki nayo ni dimbwi la buluu. Kwa hiyo: ukungu, siyo mvua! Pitisha mara moja, shata ya kamera iwe imeshafunguliwa, maana mwanga hudumu kama sekunde 30 tu. Sakafu isiyonyonya maji haisamehi.

6. Palipowaka pawekee alama, chukua sampuli, peleka kwenye kipimo cha kuthibitisha.

MASWALI

Kachero_wa_Usiku: Nimenyunyiza bafuni, pamewaka. Ni damu, sivyo?

Mwandishi: Hatua ya 6 umeiruka. Blichi huiwasha, shaba huiwasha, hata baadhi ya mboga za mizizi. Luminoli inasema "tazama hapa". Haijui kama ni damu, sembuse ya nani.

Tumaini: Sasa blichi na damu mnazitofautishaje?

Mwandishi: Swali zuri. Blichi humetameta ghafla na kuzima. Damu huwaka taratibu na kukaa. Ila jicho lisiwe hakimu. Kukiwa na nafasi, acha mahali pakauke siku moja au mbili, blichi hupungua makali.

Tumaini: Na doa la zamani sana?

Mwandishi: Mara nyingi huwaka vizuri kuliko bichi. Damu ikikauka, chuma chake huoksidika, na katika hali hiyo huchochea zaidi.

Mzee_Kamera: Kwani dawa haiharibu vinasaba? Mnawadanganya vijana.

Mwandishi: Nani kadanganya? Kwa kawaida haiviharibu. Maji mengi ndiyo huviosha. Rudi hatua ya 5.

Mzee_Kamera: Haya, yaishe. Nyongeza yangu: tumieni rula yenye mistari inayong'aa gizani, la sivyo picha haitaonyesha kipimo.

Mwandishi: Hiyo naichukua. Na saa za mkononi zenye mishale inayong'aa zibaki nje. Moja imewahi kutuharibia picha tatu.