Kutunga shairi la tanzia la tarbia

Anza na kibwagizo. Mstari huo utarudi mwishoni mwa kila ubeti, kwa hiyo ukilegea, shairi zima linalegea. Beti 5 hadi 7 zatosha. Msibani watu wamechoka.

Kila ubeti wa tarbia una mishororo (mistari) 4, kila mshororo mizani (silabi) 16: 8 ukwapi (nusu ya kwanza), 8 utao (nusu ya pili). Hesabu kwa vidole huku ukitamka:

Kiti chake barazani, nani atakikalia,
Kofia msumarini, vumbi limeiingia.

Vina, yaani silabi zinazofanana, ni -ni katikati, -a mwishoni. Wengi hukosea kwenye "m": katika "msumarini" ni mizani kamili, lakini "mwana" ina mizani 2 tu. Mizani ikizidi, fanya inkisari, yaani fupisha neno ("mekuja" badala ya "nimekuja"), ila si kila mstari, utasikika kama mwenye haraka.

Neno "huzuni" liweke mbali. Majonzi, simanzi na machozi yakirundikana ubeti wa kwanza, wa tatu hauna cha kusema. Taja vitu vya marehemu: bakora, kikombe, namna alivyobisha hodi. Pole kwa wafiwa na dua huja beti za mwisho. Kisha lighani kwa sauti. Unapokwama ulimi, hapo pana kasoro.