Jinsi ya Kuunda Jalada la Jarida Linalouza: Kuanzia Sura ya Staa hadi Faili ya Mchapaji

Nasanifu majalada hapa Nairobi, na vijana wanaoingia kwenye kazi hii huanza na swali moja: staa gani anauza? Jibu lipo, ila si la kuanza nalo. Sura humsimamisha mpita njia, lakini maneno ndiyo yanayomfanya aingize mkono mfukoni. Ukimweka mtu maarufu juu ya jalada bila jambo jipya kumhusu, umechapisha bango, na bango watu hulitazama bure. Hatua zilizo hapa chini zinafuata wazo hilo. Programu chagua unayoijua. Mimi huchakata picha kwenye Photoshop na kupanga ukurasa kwenye InDesign.

Hatua ya 1: Nenda kaone linapouzwa

Kabla hujafungua kompyuta, tembea Moi Avenue jioni watu wakitoka kazini. Wauza magazeti hutandaza bidhaa chini, jarida moja likilalia jingine kama magamba ya samaki, na jiwe juu ili upepo usiyapeperushe. Simama hatua tano hivi kutoka hapo uangalie kinachoonekana. Mara nyingi ni ukanda mwembamba wa kushoto tu. Kisha ingia supamaketi utazame rafu iliyo karibu na kaunta ya kulipia: huko sehemu ya chini ndiyo inayofichwa, inabaki theluthi ya juu.

Hapo umeshapata kanuni zako. Jina la jarida linakaa juu kabisa. Macho ya staa yaingie kwenye theluthi ya juu. Kichwa kikuu cha habari kianzie kushoto, na neno lake la kwanza liwe lenye uzito, si "kuhusu" wala "katika".

Siku hizi kuna meza nyingine ya muuzaji, nayo ni simu. Toleo hutangazwa kwenye status ya WhatsApp kabla karatasi haijakauka wino. Punguza rasimu yako hadi ienee chini ya kidole gumba. Kama uso bado unatambulika na kichwa kikuu kinasomeka, endelea.

Hatua ya 2: Chagua habari, mtu atafuata

Majarida yaliyodumu yana ahadi ambayo msomaji anaijua kabla hajasoma neno. TIME limebeba mpaka mwekundu tangu 1927, na mtu akiwekwa ndani ya mpaka ule anaonekana mzito papo hapo. Hapa kwetu, Parents, lililoasisiwa na Eunice Mathu mwaka 1986, lilijijengea jina kwa kuweka wanandoa na familia kwenye jalada. Mnunuzi alijua anafunguliwa mlango wa nyumba ya watu, si kuonyeshwa tu gauni. Na usidhani staa ni lazima. Jarida la Joe, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst, lilivuta watu kwa michoro ya Hirst na vichekesho vya maisha ya mwananchi wa kawaida.

Swali la kuwauliza wahariri ni hili: msomaji atapata nini hapa ambacho hajakipata bure kwenye Instagram ya staa mwenyewe? Zamani picha peke yake ilikuwa habari, kwa sababu staa ulimwona mara chache. Leo anaweka picha kabla ya chai na baada ya chai. Uso wake umekuwa kitu cha kila siku, na kilichopungua ni maelezo.

Mfano: tuseme tunataka Faith Kipyegon. Kila mtu anajua ameshinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 Rio, Tokyo na Paris. Kurudia hilo si habari. Lakini alijifungua mwaka 2018, akarudi kwenye mazoezi, na mwaka 2023 akavunja rekodi za dunia za mita 1500, mita 5000 na maili ndani ya miezi miwili. Mama wa mtaa wa Umoja One anayejiuliza kama mwili wake utarudi baada ya uzazi ana sababu ya kununua. Sasa tuna jalada, mradi mwandishi wetu ameketi na mwanariadha akapata maelezo hayo. Kama hana, tafuta mtu mwingine.

Hatua ya 3: Karatasi kabla ya kamera

Hii ni fupi lakini isirukwe. Pata kibali cha maandishi kutoka kwa staa, kikitaja toleo, mitandao ya kijamii na mabango. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haichukulii sura ya mtu kuwa kitu cha kuokota. Andikiana pia na mpigapicha, na usichukue picha mtandaoni kwa sababu tu staa ndiye aliyeiweka. Huenda haki ni za mpigapicha. Meneja wa staa akidai kupitisha vichwa vya habari, kataa kwa upole. Anaweza kupitisha mavazi.

Hatua ya 4: Piga picha ukijua maneno yatakaa wapi

Picha nzuri ya ukutani inaweza kuwa jalada baya. Mpe mpigapicha mchoro wa penseli: jina la jarida hapa, kichwa kikuu pale, msimbo pau (barcode) chini. Mwambie apige wima, kuanzia kiunoni kwenda juu, na aache nafasi juu ya nywele kuliko anavyopenda. Wapigapicha wengi hubana fremu, kisha wewe unabaki unanyoosha ukuta kwa kompyuta usiku.

Staa atazame kamera. Jicho la mtu likikutana na jicho la mpita njia, anapunguza mwendo hata kama hakukusudia. Ukivunja kanuni hii uwe na wazo kubwa kuliko kanuni yenyewe. Jalada la jarida la Esquire la Aprili 1968, kazi ya msanifu George Lois, lilimwonyesha Muhammad Ali akiwa na mishale sita mwilini, uso umeelekea juu, kama Mtakatifu Sebastiani kwenye michoro ya kanisani. Ali alikuwa amevuliwa ubingwa mwaka uliotangulia kwa kukataa kuandikishwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Maneno yalikuwa machache mno, maana picha ilikuwa imeshasema.

Kuhusu mwanga, mawingu ya Julai ya Nairobi ni zawadi: laini, hayatupi vivuli vikali chini ya macho. Januari piga asubuhi na mapema au ingia ndani. Ngozi nyeusi haitaki mwanga mwingi wa kumwagwa usoni. Inataka mwanga wa ubavuni unaochora shavu na taya. Na mandharinyuma yawe tofauti na nywele. Nywele nyeusi kwenye ukuta mweusi hupotea kabisa zikifika kwenye karatasi.

Hatua ya 5: Panga maneno

Kichwa kikuu kimoja, vidogo vitatu au vinne. Fonti mbili, basi. Mhariri atakuletea vichwa tisa, na kila mwandishi atataka chake kionekane. Hapo lazima uwe mgumu.

Tuchukue mfano wetu. Rasimu ya kwanza huwa hivi: "Faith Kipyegon: Malkia wa Mbio". Hakuna kosa la sarufi, wala hakuna sababu ya kununua. Jaribu: "Uzazi, kisha rekodi tatu: Kipyegon alirudije?" Neno la kwanza linamgusa mama, namba inampa kipimo, swali linamwachia njaa. Na jibu liwe ndani. Msomaji aliyedanganywa na jalada mara moja hukumbuka kuliko aliyefurahishwa.

Usipitishe maandishi juu ya uso. Kichwa cha staa kufunika herufi za jina la jarida huvutia, Vogue hufanya hivyo sana, lakini Vogue linajulikana hata likibakiza herufi mbili. Jarida lenye umri wa miaka miwili lionyeshe jina lake lote.

Rangi ya maandishi ichukue kitu kilichomo pichani: lipstiki, kitenge, hereni. Jambo moja la kwetu ambalo vitabu vya usanifu havikuambii: mwaka wa uchaguzi, chungwa na manjano si rangi tu. Mtu ataona chama cha ODM au UDA kabla hajaona staa wako.

Hatua ya 6: Safisha, usibadilishe mtu

Ondoa chunusi ya leo, acha kovu la utotoni. Hapo ndipo mpaka wangu ulipo. Novemba 2017 jarida la Grazia la Uingereza lilimweka Lupita Nyong'o kwenye jalada huku sehemu ya nywele zake ikiwa imefutwa na kulainishwa. Akalalamika hadharani, jarida likaomba radhi, na mpigapicha naye pia. Mwaka 1994 TIME liliitia giza picha ya polisi ya O. J. Simpson, nyota wa zamani wa kandanda ya Marekani aliyeshtakiwa kwa mauaji, na wiki hiyo hiyo Newsweek likatoa picha ile ile bila kuigusa. Majarida mawili yakakaa kwenye meza moja, kila mtu akalinganisha.

Sasa kazi ya mikono. Ukibadilisha picha kutoka rangi za skrini kwenda rangi nne za uchapaji (sayani, yaani samawati; majenta, yaani waridi iliyokolea; manjano; na nyeusi), pima shavu kwa kifaa cha kuchukua rangi. Kwenye ngozi ya kahawia, manjano iizidi majenta kidogo. Sayani ikipanda sana, uso unakuwa wa majivu, na hapo ndipo staa huonekana mgonjwa kwenye karatasi ilhali kwenye skrini aling'aa. Punguza sayani kwenye sehemu za mwanga, iache kwenye vivuli. Jumla ya wino wa rangi zote nne kwenye sehemu nyeusi kabisa isipite asilimia 300, la sivyo kurasa zinagandana.

Hatua ya 7: Tayarisha faili

Kwa A4, jalada ni milimita 210 kwa 297. Ongeza milimita 3 kila upande za kukatwa, iwe 216 kwa 303; kwa ubora wa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) picha yako inahitaji angalau pikseli 2551 kwa 3579. Picha iliyopita WhatsApp kama picha ya kawaida haitoshi, iombe kama faili. Maneno yakae milimita 10 ndani ya ukingo, na upande wa mgongo uongeze kidogo.

Msimbo pau wa jarida lenye ISSN, namba ya kimataifa ya kutambulisha majarida, huanza na 977. Ule wa bidhaa zilizosajiliwa na GS1 Kenya, shirika linalotoa misimbo pau, huanza na 616. Uweke mweusi juu ya kisanduku cheupe. Ukiupaka rangi ya gauni ili upendeze, keshia atalazimika kuandika namba kwa mkono, na meneja wa duka atakupigia.

Mwisho, usikubali sampuli ya skrini pekee. Nenda mwenyewe kwa mchapaji, Industrial Area, omba karatasi moja iliyochapishwa kwenye karatasi ile ile ya jalada, itoe nje mlangoni uitazame kwenye mwanga wa jua kabla ya kusaini. Taa za ndani ya kiwanda zinaweza kukudanganya kuhusu rangi.