Somo: Kutoa dramu za nyuma na kufunga diski kwenye Impreza 1.5

Wakuu habari. Wengi mmeniuliza habari za diski za nyuma, nami nimekuwa nikikwepa kwa sababu jibu lake si la sentensi mbili. Leo nimekaa chini. Gari ninayoizungumzia ni Subaru Impreza 1.5 ya umbo la GD au GG, yaani sedani na wagoni za 2000 hadi 2007, zile zinazovuta matairi yote manne. Zimekuja na diski mbele, dramu nyuma.

Kabla hujatoa hela, ujue unanunua nini. Ukikanyaga breki uzito wa gari unaegemea mbele, kwa hiyo breki za mbele ndizo zinazobeba kazi kubwa. Kama pedi za mbele zimekwisha au tairi ni kipara, diski za nyuma hazitakuokoa. Faida yake ni kwamba zinapoa haraka kwenye mteremko mrefu kama wa Kitonga, zikilowa madimbwi zinakauka upesi, na kubadilisha pedi ni kazi ndogo. Dramu nzima inasimamisha gari vizuri tu, na ina ujanja wake: shuu (kile kipande kinachosugua dramu kwa ndani) ikigusa dramu inavutwa na mzunguko, inajikaza yenyewe. Diski haina msaada huo, inategemea presha ya mafuta ya breki peke yake. Shikeni hilo, litarudi mbele.

Spea

Usinunue kalipa mbili (vile vibanio vya pedi) ukaja nazo gereji. Nunua nyuma nzima, ya gari moja: nako (kile chuma kinachobeba gurudumu) za pande zote mbili zikiwa na hab (kitovu kinachofungwa rimu), bamba za nyuma zenye shuu ndogo, kalipa na braketi zake, rota (diski yenyewe), hozi za breki, na kebo mbili za handbreki. Kama muuzaji bado ana valvu ya kugawa presha ya gari hiyohiyo, ichukue pia.

Kwa nini nako nzima? Kwa sababu bamba linaloshika shuu limekaa nyuma ya hab. Ukitaka kulitoa, hab ichomolewe kwa mashine ya presi, na beringi iliyochomolewa hivyo mara nyingi haifai kurudishwa. Utanunua beringi mbili na kulipa presi, mwisho gharama inapita bei ya nako za mtumba.

Na handbreki je? Kwenye dramu, shuu zilezile za breki ndizo zinazovutwa na kebo. Kwenye diski za Subaru kuna shuu ndogo za peke yake, zimejificha ndani ya kofia ya rota. Nimeona gari mtaani ambazo fundi amechomelea braketi, kalipa imekaa vizuri, handbreki hakuna, mwenye gari anatembea na jiwe kwenye buti. Msifanye hivyo.

Spea bora ni za Impreza ya umbo lilelile iliyotoka kiwandani na diski nyuma. Za Forester nyingi zinakubali, lakini zilaze chini pamoja na zako, linganisha matundu ya bolti moja baada ya jingine kabla ya kulipa. Jihadhari na STI za kuanzia 2005: hab zake ni 5x114.3 (bolti tano kwenye duara la milimita 114.3), rimu zako ni 5x100.

Kazi yenyewe

1. Gari ikiwa chini, weka kabari matairi ya mbele, kaza handbreki. Nyanyua ule mdomo uliokunjwa wa nati ya ekseli, kisha ilegeze kwa soketi ya 32 na bomba refu. Ilegeze tu. Nati ikishalegea usiisukume gari hata hatua moja, beringi itaumia.

2. Piga jeki, weka stendi, toa matairi. Sasa achia handbreki. Dramu ikikataa kutoka, usiipige nyundo: ina matundu mawili yenye nyuzi, funga humo bolti za M8 taratibu kwa zamu, itajisukuma yenyewe.

3. Chomoa kebo kwenye shuu, kisha fungua paipu ya mafuta kwenye wili silinda (silinda ndogo inayosukuma shuu). Tumia spana ya paipu, ile yenye mdomo uliokatwa, la sivyo utaivuruga nati na kununua paipu mpya. Ziba mdomo wa paipu.

4. Hapa ndipo siku inapoishia. Nako imeshikwa na bolti mbili za shokapu, bolti ya mkono wa mbele, na ile bolti ndefu inayopita katikati ya nako nzima. Hiyo ndefu inashika kutu ndani ya bushi kama imechomelewa. Gari zilizotembea Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, ndizo mbaya zaidi. Mimi humwagia mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, na naweka bolti mpya pembeni kabla sijaanza. Ikigoma kabisa, kata. Ukitumia moto, jua bushi za mpira zimekwenda.

5. Ingiza nako mpya kwenye ekseli, rudisha bolti zote kwa mkono. Ile ndefu na ya mkono wa mbele usizikaze sasa. Zikaze gari ikiwa imekalia matairi, vinginevyo bushi zitabaki zimejipinda na kuchanika mapema.

6. Pitisha kebo mpya za handbreki. Itabidi ufungue koti la joto juu ya eksozi na kasha la katikati ndani ya gari.

7. Vaa rota, kalipa, hozi. Kila hozi inataka washa mbili mpya za shaba. Nipo hapa kukiri: kalipa zangu za kwanza nilizibadilisha kushoto kulia. Zinaingia vizuri kabisa, ila chuchu ya kutolea upepo inakuwa chini badala ya juu, na upepo hukaa juu. Nilimaliza lita nzima ya mafuta pedali ikiwa bado laini kama mkate. Chuchu juu, daima.

8. Handbreki: kupitia tundu la rota, zungusha gurudumu la meno kwa bisibisi mpaka rota igome, kisha rudisha meno matatu au manne.

9. Toa upepo. Mfumo wa gari hii umekatiza pembe, yaani mbele kulia imeungana na nyuma kushoto, kwa hiyo mimi huanza mbele kulia, nyuma kushoto, mbele kushoto, namalizia nyuma kulia. Mafuta yawe mapya, DOT 3 au DOT 4.

10. Kaza nati ya ekseli karibu Nm 190 na ukunje mdomo wake kabla tairi halijabeba uzito. Kisha peleka alaimenti.

Majaribio fanyia mahali patupu. Toka 60 km/h shuka hadi 15, mara nane hivi, bila kusimama kabisa, pedi zizoeane na rota.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, valvu nisipobadilisha itakuwaje?*

Ndiyo lile neno la mwanzo. Valvu ya gari ya dramu imepimwa kwa breki zinazojikaza zenyewe. Ukifunga diski, presha inayokwenda nyuma haitakuwa ile iliyokusudiwa. Jaribu kwenye changarawe kwa mwendo mdogo, mtu akiangalia kutoka nje: matairi ya mbele yagome kwanza. Nyuma yakitangulia, gari itageuka mkia siku ya mvua. Hapo usiiendeshe mpaka valvu ibadilishwe.

*Fundi, yangu ina ABS.*

Basi nunua nako za gari yenye ABS (mfumo unaozuia matairi yasigome ukikanyaga breki), na hakikisha pete ya meno na mahali pa sensa vinafanana na vyako. Taa ikiwaka baada ya kufunga, anza na sensa, mara nyingi ni uchafu au waya umevutika.

*Pedali imeshuka kidogo kuliko zamani, lakini ni ngumu.*

Ngumu ni habari njema, maana yake hakuna upepo. Kalipa inakunywa mafuta mengi kuliko wili silinda. Ikishuka kupita nusu, tafuta masta silinda (ile kubwa inayosukumwa na pedali) ya gari uliyotoa spea.

*Rimu zangu ni za inchi 14, zitaingia?*

Kwa 15 sina wasiwasi. Ya 14 ivalishe bila tairi, izungushe kwa mkono, tazama kama inagusa kalipa. Usikisie.

*Kaka, dramu zangu zinalia tu, nifunge diski?*

Hapana, kaka. Fungua, safisha vumbi kwa maji wala si kwa pumzi, angalia kama wili silinda inavuja, pima dramu kwa ndani. Kikomo chake kimechapwa juu yake. Ikiwa bado haijafika, nunua shuu mpya, hela ya diski ipeleke kwenye matairi.