Kupanda Kalinzi kwa baiskeli: anza na breki

Vijana wanaoniletea baiskeli hapa Mwanga, Kigoma mjini, kabla ya safari ya Kalinzi, kijiji cha huko milimani, huulizia gia. Mimi naanza na breki. Kigoma tuko kando ya Ziwa Tanganyika, kama mita 773 kutoka usawa wa bahari, na milima iliyo nyuma yetu, kingo za Bonde la Ufa, inapita mita 1,500. Mlima ukikushinda utashuka usukume, na wenyeji watakupa pole. Breki zikikushinda wakati wa kurudi, ndugu yangu, huna pa kukimbilia.

Kwa hiyo jana yake ipindue baiskeli, magurudumu yawe juu. Tazama mipira ya breki: mifereji yake ikiwa imefutika, nunua mipya, haina bei ya kukufanya usite. Fuata waya mpaka unapoingia kwenye mkono wa breki, maana ndipo nyuzi zinapoanza kukatika moja moja. Zungusha gurudumu, rimu ikiyumba, spoku zikazwe. Baiskeli ambazo breki zake huvutwa na vyuma badala ya waya naziheshimu sana kwa mizigo ya mjini, ila kwa mteremko huu sikushauri.

Siti ipandishe mpaka kisigino kikiwa juu ya pedali ya chini mguu unyooke. Beba tyubu, viraka, solusheni, pampu na maji mengi.

Nenda kiangazi, Juni hadi Septemba, na uondoke alfajiri. Pita Gungu hadi Mwandiga. Hapo barabara ya Kasulu iache, ushike ya Manyovu. Ni lami, lakini mabasi na malori ya mpakani mwa Burundi yanapita, kaa pembeni. Badilisha gia kabla mlima haujakubana, kwa sababu cheni inayovutwa kwa nguvu zote huruka au hukatika. Panda kwa mwendo ambao bado unaweza kuzungumza na mwenzako. Ukiingia kwenye changarawe usisimame juu ya pedali: uzito ukitoka nyuma, tairi linazunguka bure. Kaa, inamisha kifua.

Huko juu ni migomba na kahawa aina ya Arabika, na hewa inapoa kweli. Vijia vya mashambani ndivyo vitamu kuliko lami, lakini vingi vinapita kwenye miji ya watu. Shuka, wasalimie wazee, "mwakeye" kwa Kiha, uombe njia. Usijaribu kukata milima kuelekea magharibi uone ziwa kwa karibu. Huko ni Gombe, hifadhi ya taifa tangu 1968, na kuingia ni kwa kibali.

Sasa kurudi. Pedali ziwe usawa mmoja, makalio yasogee nyuma ya siti, vidole viwili vikae kwenye kila breki muda wote. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu, lakini kwenye changarawe ibonyeze taratibu, la sivyo gurudumu la mbele litateleza. Usizishikilie breki moja kwa moja: bana, achia, bana tena. Rimu ikibanwa mfululizo inapata moto, na tyubu inaweza kupasuka. Simama kila baada ya mteremko mrefu ipoe, na usiiguse kwa mkono.

Mvua ikikukuta, subiri kibarazani kwa mtu. Rimu iliyolowa inachelewa kushika. Na ukisikia nyuma yako baiskeli yenye mikungu ya ndizi inashuka, mpishe mapema, kwa kuwa mzigo ule hausimami ghafla hata mwenyewe akitaka.

Ukifika Mwandiga mwambie fundi akaze waya za breki kabla hujaingia kwenye bodaboda za Gungu.