Somo: Kumwandikisha Mzazi Medicare Kabla Miezi Yake Haijaisha

Jumamosi moja ya Aprili nilikaa jikoni kwa mama mmoja mzaliwa wa Uvira, hapa Kentucky. Aliinua mfuko wa plastiki akaumwaga mezani: bahasha tu, nyingi hazijafunguliwa, mbili zimeshikana kwa mafuta ya mawese. Kati ya matangazo ya maduka na bili za umeme tukaikuta barua inayomtaka aombe bima ya afya ya Medicare kwa kuwa anatimiza miaka 65. Binti yake hakushtuka. "Bado tuna muda, dada. Mama kazaliwa Januari, mwisho ni Aprili." Nikaangalia kitambulisho: tarehe 1 Januari. Muda wake ulikuwa umefungwa tarehe 31 Machi, siku kumi na moja nyuma.

Yule mama alipata njia, nitaieleza. Lakini nimeona wazee wetu wengi mno wakipoteza miezi hii ya kujiandikisha, ndiyo maana naandika somo hili kwa ajili ya watoto, wajukuu na majirani wanaowasomea wazee barua.

Hatua ya 1: Jua mlango anaoingilia

Medicare ni bima ya afya ya serikali kuu ya Marekani. Mlango wa kwanza ni umri wa miaka 65. Wa pili ni ulemavu: mtu aliyelipwa fidia ya ulemavu (SSDI) ya Social Security, ofisi ya serikali ya pensheni, kwa miezi 24, hata kama ana miaka 35. Wa tatu ni maradhi mawili: figo zilizoshindwa kabisa kufanya kazi, na ALS, ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli, ambao hausubiri ile miezi 24.

Hapa watu huchanganya SSDI na SSI. SSDI inatokana na kazi na kodi iliyokatwa kwenye mshahara. SSI ni msaada kwa mzee au mlemavu mwenye kipato kidogo, na bima inayokwenda nayo ni Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Mzee akikuambia "napata pesa ya Social Security", usiishie hapo. Omba uione barua yenyewe.

Hatua ya 2: Hesabu miezi, na uangalie tarehe 1

Muda wa kujiandikisha ni miezi saba: mitatu kabla ya mwezi wa kutimiza miaka 65, mwezi wenyewe, na mitatu baada yake. Ila aliyezaliwa tarehe 1 huhesabiwa kana kwamba ametimiza umri mwezi uliotangulia. Nanyi mnajua ni wazee wangapi kambini, Nyarugusu au Kakuma, waliandikiwa tarehe 1 Januari kwa sababu hakuna aliyekuwa na cheti cha kuzaliwa. Kwa hao wote mwezi wa kuhesabia ni Desemba. Dirisha linafunguka Septemba na kufungwa mwisho wa Machi. Andikeni kwenye kalenda ya ukutani, kwa kalamu nyekundu.

Akichelewa bila kuwa na bima ya kazi inayokubalika, Part B, ile inayolipia madaktari, itamngoja hadi dirisha la kila mwaka la 1 Januari hadi 31 Machi. Juu yake inakuja faini ya asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili aliyochelewa. Faini hiyo hailipwi mara moja ikaisha, huongezwa kwenye malipo ya kila mwezi maadamu anayo Part B.

Anayelipwa tayari na Social Security walau miezi minne kabla ya kufika 65 huandikishwa bila kuomba. Kadi yenye rangi nyekundu, nyeupe na buluu humfikia kwa posta. Ni ya karatasi tu, na nimeshakuta mbili zimetupwa pamoja na matangazo.

Hatua ya 3: Hesabu kazi, kisha tazama karatasi za uhamiaji

Part A ni ya hospitali. Hailipiwi kila mwezi ikiwa mzee, au mwenzi wake wa ndoa, ana pointi 40 za kazi, ambazo ni kama miaka kumi. Mama aliyekaa nyumbani akilea anaweza kuipata kwa kazi ya mumewe, mradi mume amefika miaka 62. Wengi hawalijui hili, wanakata tamaa mapema. Asiye na pointi anaweza kuinunua, lakini mwaka 2026 bei kamili ni dola 565 kwa mwezi. Part B yenyewe ni dola 202.90 kwa mwezi kwa watu wengi.

Asiye raia na asiye na pointi hizo anatakiwa awe na kadi ya ukaazi wa kudumu, ile tunayoiita green card, na awe ameishi Marekani miaka mitano mfululizo kabla ya kuomba.

Sasa wakimbizi nisikilizeni vizuri. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imewaondoa kwenye Medicare wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao bado hawana green card, hata kama wana pointi 40. Waliokuwa wameshaingia watatolewa ifikapo Januari 2027. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba green card baada ya mwaka mmoja hapa. Kama mzee wako ameshakaa hapa miaka minane na bado anashika ile karatasi ya kuingilia, hilo ndilo la kushughulikia kabla ya mengine yote.

Hatua ya 4: Omba Social Security

Maombi hayapelekwi Medicare, yanapelekwa Social Security: kwa mtandao, ofisini, au kwa simu 1-800-772-1213. Mkalimani ni bure na ni haki yake. Afundishwe kusema neno moja tu, "Swahili", kisha asubiri. Msimtumie mtoto wa miaka kumi na mbili kumtafsiria bibi mambo ya ugonjwa wake. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kadi ya Social Security, hata kama kambini walilikosea. Kulirekebisha ni safari nyingine.

Hatua ya 5: Omba msaada wa malipo siku hiyo hiyo

Hapa ndipo yule mama wa Uvira alipookokea. Mumewe alikata kuku kiwandani miaka 12, kwa hiyo Part A aliipata bila kulipia, na hiyo haina dirisha la kukosa. Kwa Part B tuliomba Medicare Savings Program katika ofisi ya Medicaid ya jimbo. Mtu mwenye kipato kidogo akikubaliwa, jimbo humlipia Part B, hangoji Januari, na faini ya kuchelewa haimgusi. Akishaipata, huingizwa moja kwa moja kwenye Extra Help, inayopunguza bei ya dawa. Binti wa yule mama alilia. Mimi pia.

Hatua ya 6: Dawa, na mpango wa kampuni

Dawa ziko Part D. Mzee anaweza kubaki na Medicare ya serikali na kuongeza Part D, au kuchukua mpango wa kampuni binafsi unaoitwa Medicare Advantage. Kabla ya kusaini, orodhesha madaktari na dawa zake zote, uulize moja moja kama zimo. Mabadiliko hufanywa kila mwaka kuanzia 15 Oktoba hadi 7 Desemba.

Maswali mliyoniuliza

*Baba ana miaka 67 na bado yuko kiwanda cha nyama, bima ya kazi anayo. Kachelewa?*

Hapana, ikiwa mwajiri ana wafanyakazi 20 au zaidi. Akiacha kazi ana miezi minane ya kuomba Part B bila faini. Angalizo: COBRA, ile bima ya kazini unayoendelea kuilipia mwenyewe baada ya kuacha kazi, haihesabiwi kuwa bima ya kazi. Miezi minane huanza kukimbia siku kazi au bima yake inapokwisha.

*Nimemleta mama kutoka Mombasa mwaka jana, ana miaka 71. Aombe?*

Bado, dada. Aisubiri ile miaka mitano, na msimrudishe nyumbani kwa miezi mingi mfululizo, kwa sababu ukaazi lazima usikatike. Kwa sasa uliza soko la bima la jimbo lako.

*Mwanangu ni mlemavu tangu kuzaliwa, ana miaka 26, yuko kwenye SSI. Medicare haimhusu?*

Inaweza kumhusu. Ulemavu ukiwa ulianza kabla ya miaka 22, na mzazi mwenye pointi za kazi akastaafu, akapata ulemavu au akafariki, mtoto hulipwa kwa kazi ya mzazi huyo. Miezi 24 baadaye anapata Medicare. Kaka, siku utakayostaafu, mtaje kijana wako palepale kwenye maombi. Watakaomsahau ni wale wasioambiwa yupo.

*Wakala alikuja baada ya ibada, akamsainisha bibi mpango kwa sababu kuna zawadi ya miwani. Sasa daktari wake hampokei.*

Pole sana. Pigeni simu Medicare, 1-800-633-4227, mwombe mkalimani, mweleze kwamba hakuelewa alichosaini. Aliyedanganywa anaweza kupewa nafasi maalumu ya kutoka. Tena, kati ya 1 Januari na 31 Machi aliye kwenye Medicare Advantage anaruhusiwa kubadilisha mara moja. Wakala haruhusiwi kubisha hodi nyumbani bila kualikwa. Mkitaka mtu asiyeuza chochote, tafuteni washauri wa SHIP, huduma ya kushauri watu kuhusu Medicare. Wapo kila jimbo, bure: 1-877-839-2675.

*Tukienda Bukavu miezi miwili, kadi itafanya kazi?*

Kwa kawaida haifanyi kazi nje ya Marekani. Mchukulie bima ya safari, na umwombe daktari dawa za kutosha kabla hamjapanda ndege.